Ng'ombe Alikula Nini? Jinsi ya Kuzisoma Lebo za Nyama

Dada yangu mkubwa anaishi Houston, Texas. Juzi akiwa dukani alinitumia picha ya pakiti mbili za nyama ya ng'ombe ya kusaga, na sauti fupi ya WhatsApp: "Mdogo wangu, si wewe uliyesomea mifugo? Hii wameandika ng'ombe alikula nyasi, hii wameandika ni ya asili, na bei ya moja inakaribia mara mbili ya nyingine. Nichukue ipi?"

Nikalipeleka swali lake kwenye kundi la familia, na majibu yakamiminika. Mjomba wa Morogoro alisema nyama yote ya Marekani ni ya sindano. Binamu aliyeko Minneapolis akasema anunue yoyote iliyoandikwa organiki, yaishe. Shangazi akafunga mjadala: "Huku kwetu nyama yote ni organiki, nyinyi endeleeni kusoma makaratasi."

Kila mmoja wao alishika kipande cha ukweli, na hakuna aliyemsaidia dada. Lebo hizi zikipangwa pamoja kwenye pakiti moja zinaonekana kama zote zinasema "nyama nzuri". Hazisemi hivyo. Zichukulie kama vyeti vya mtu. Cheti cha kuzaliwa kinakuambia alizaliwa wapi na lini. Cha kidato cha nne kinakuambia alifaulu masomo gani. Huwezi kusoma cheti cha kuzaliwa ukajua kama mwenye nacho anajua hesabu. Na lebo za nyama ni hivyo hivyo: ipo inayoeleza ng'ombe alikula nini, ipo inayoeleza alipewa dawa gani, ipo ya alikozaliwa, na ipo isiyomhusu ng'ombe aliye hai hata kidogo.

Tuanze na maisha yake

Bila kujua ng'ombe wa nyama wa Marekani anavyokua, lebo zote zitakuchanganya. Karibu wote huanza maisha kwenye majani. Ndama huzaliwa malishoni, hunyonya kwa miezi 6 hadi 8, kisha huachishwa. Baadhi huendelea kula majani kwa miezi kadhaa zaidi. Hapo ndipo njia zinapoachana. Walio wengi hupelekwa kwenye vituo vya kunenepesha, yaani mazizi makubwa ya wazi ambayo yamejaa Texas, Kansas na Nebraska. Hukaa humo miezi 4 hadi 6 hivi, wakila mchanganyiko wa mahindi, mabaki ya viwanda vya ethanoli, saileji (yaani majani mabichi yaliyovundikwa) na majani makavu. Kwa siku moja ng'ombe huongeza kilo 1.5 hivi, na huchinjwa akiwa na takriban mwaka mmoja na nusu, uzito wake ukiwa kilo 600 au zaidi. Dume wa zebu anayechungwa Dodoma au Shinyanga huchukua miaka 4 au 5 kufikia kilo 300 hivi, maana uzito anaoupata masika hupungua tena kiangazi.

Kwa hiyo ile picha ya ng'ombe aliyelishwa mahindi matupu tangu kuzaliwa si ya kweli, na wala haiwezekani. Ng'ombe ni mnyama wa kucheua. Tumbo lake la kwanza ni kama mtungi mkubwa wa kuchachushia: limejaa vijidudu vinavyovunjavunja majani ambayo sisi tusingeweza kuyameng'enya. Ukilimwagia wanga mwingi kwa ghafla, tindikali inapanda na mnyama anaugua vibaya. Mfugaji yeyote ambaye ng'ombe wake aliwahi kuvunja ghala la mahindi usiku anaijua hasara ya asubuhi yake. Ndiyo maana vituoni nafaka huongezwa polepole kwa muda wa wiki 3 hivi, na majani hayaondolewi kabisa kwenye chakula.

Basi swali la maana kuhusu chakula si kama ng'ombe amewahi kula nyasi. Wote wamekula. Swali ni alimalizia na nini.

Lebo ya nyasi

Pakiti ikiandikwa "Grass Fed" peke yake au "100% Grass Fed", inadai kwamba tangu ndama alipoacha kunyonya hadi siku ya kuchinjwa hakula nafaka. Majani mabichi ni sawa, marobota ya majani makavu ni sawa, saileji ya majani na alfalfa ni sawa, madini na vitamini pia. Kilichokatazwa ni punje.

Mtu akifunga siku 25 za Ramadhani, kisha siku 5 za mwisho akala mchana bila udhuru, huwezi kusema amefunga mwezi mzima, ingawa sehemu kubwa amefunga. Ng'ombe wa "Grass Fed, Grain Finished" ndiye huyo: alikula nyasi, lakini miezi ya mwisho alinenepeshwa kwa nafaka, sawasawa na wenzake wasio na lebo yoyote. Neno la kutafuta ni "Finished", yaani alichomalizia nacho. Zipo pia pakiti zinazotaja sehemu, kwa mfano nyasi asilimia 85 na mahindi asilimia 15. Hiyo inaruhusiwa, na kwangu mimi ni ya kiungwana kuliko kuficha neno la pili kwa herufi ndogo.

Nani anahakikisha? Mwaka 2007 Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, ilitoa kiwango cha nyama ya nyasi ambacho mfugaji angeweza kukifuata kwa hiari. Januari 2016 ikakiondoa. Watu wengi walielewa kwamba lebo yenyewe imefutwa. Haikufutwa. Kinachofanyika sasa ni kwamba mzalishaji hueleza mwenyewe utaratibu wake, huwasilisha nyaraka kwa idara ya wizara hiyo inayokagua usalama wa chakula, na idara ikiridhika na maandishi huidhinisha lebo. Kazi hiyo hufanyika mezani. Mkaguzi haendi shambani kuhesabu marobota ya majani. Kwa sababu hiyo, mtu anayelipa bei ya juu kwa ajili ya nyasi atafute kando ya maneno hayo muhuri wa chombo huru kinachotembelea mashamba. American Grassfed Association ni kimojawapo, na masharti yake yanakwenda mbali zaidi: hakiruhusu ng'ombe kufungiwa zizini kunenepeshwa, wala homoni, wala antibiotiki.

Maneno "Grass Fed" yenyewe hayasemi chochote kuhusu dawa. Ng'ombe anaweza kuwa amekula nyasi maisha yake yote na akachomwa antibiotiki au akapandikiziwa homoni, na lebo ikabaki ya kweli. Vivyo hivyo "Pasture Raised" inazungumzia mahali alipolelewa, malishoni, si chakula chote alichokula. Mnyama anaweza kusimama kwenye uwanja wa kijani huku kichwa chake kiko kwenye hori la mahindi.

Je, nyama ya nyasi ni bora kwa afya? Kwa kawaida ina mafuta machache, na mafuta yake huwa ya manjano kwa sababu ya karotini iliyomo kwenye majani mabichi, rangi ileile inayoipa karoti rangi yake. Wapo wanaoogopa mafuta ya manjano wakidhani ni dalili ya nyama iliyokaa sana. Mara nyingi ni dalili ya majani tu. Ina pia omega-3 nyingi kuliko nyama ya ng'ombe wa nafaka. Hilo ni kweli, lakini linatiwa chumvi sana, kwa sababu nyama ya ng'ombe kwa jumla ni maskini wa omega-3. Anayeitafuta hiyo ataipata kwa bei nafuu kwenye samaki wenye mafuta, dagaa wakiwemo. Protini na madini ya chuma utayapata kwenye nyama zote mbili.

Mapishi ndiyo yanayobadilika zaidi. Nafaka huacha vijistari vya mafuta ndani ya mnofu, na steki huwa laini hata ikikaangwa haraka. Nyama ya nyasi ina ladha nzito zaidi, lakini moto mkali huikausha. Aliyekulia kwenye supu ya Vingunguti, kule machinjioni Dar es Salaam, ataielewa mara moja: inataka moto mdogo na subira.

Hapa niseme neno kuhusu "Prime", "Choice" na "Select". Hayo ni madaraja, na yanapima zaidi wingi wa hayo mafuta ya ndani ya mnofu pamoja na umri wa mnyama. Hayapimi malezi. Na "Angus" ni habari ya mbegu, aina ya ng'ombe, basi.

Neno lenye maana ndogo kuliko yote

Kama ningeweza kuwaondoa wanunuzi imani kwenye neno moja, lingekuwa "Natural". Kwa Kiswahili tunasikia "ya asili", na papo hapo tunaona zizi la babu, majani, na mchungaji mwenye fimbo. Kwa kanuni za Marekani neno hili linahusu kilichofanyika baada ya kuchinja: nyama haikuongezwa rangi wala kiungo bandia, na haikusindikwa kupita kiasi. Ng'ombe mwenyewe anaweza kuwa alinenepeshwa kituoni, kwa homoni na antibiotiki. Ni kama chupa ya juisi ya embe iliyoandikwa haina rangi bandia. Ni kweli, haina. Lakini haijakuambia mwembe ulipuliziwa dawa gani. Nyama mbichi isiyotiwa chochote, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya nyama dukani, tayari inastahili neno hilo.

Sindano na dawa

Mjomba wa Morogoro hakukosea kabisa. Marekani inaruhusu homoni za kukuza kwa ng'ombe wa nyama. Nyingi hazidungwi kama sindano ya homa. Hupandikizwa kama kidonge kidogo chini ya ngozi ya sikio na kuyeyuka taratibu, na nyingine huchanganywa kwenye chakula. Mamlaka za Marekani zinasema nyama yake ni salama. Ulaya haikukubali, na tangu 1989 imezuia kuingizwa kwa nyama ya ng'ombe waliopewa homoni hizo. Mgogoro huo ulifika hadi Shirika la Biashara Duniani na kuchukua miaka mingi.

Lebo husema hakuna homoni "iliyoongezwa" au "iliyotolewa", na neno hilo ni la lazima, kwa sababu hakuna nyama isiyo na homoni kabisa. Kila mnyama hutengeneza zake mwilini. Na kwa kuwa kwetu hofu kubwa iko kwa kuku, mjue hili: sheria ya Marekani hairuhusu homoni za kukuza kwa kuku wala nguruwe. Pakiti ya kuku inayojisifu kwamba hakupewa homoni hulazimika kuongeza maelezo kwamba hata wengine wote hawaruhusiwi kupewa. Kuku wa kisasa hukua haraka kwa sababu ya mbegu na chakula.

Antibiotiki ni habari nyingine, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Wengi wanadhani lebo ya "bila antibiotiki" inamaanisha nyama nyingine zimejaa dawa. Sivyo. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kati ya dozi ya mwisho na kuchinja, na masalia yana kiwango kisichoruhusiwa kuvukwa. Hofu ya kweli ni usugu. Kama mgonjwa asiyemaliza dozi anavyowafundisha vijidudu kuishi na dawa, ndivyo zizi la maelfu ya ng'ombe wanaolishwa antibiotiki kidogo kidogo linavyoweza kuwafundisha. Kijidudu kilichofundishwa zizini hakibaki zizini. Ndiyo maana tangu Januari 2017 Marekani haikubali tena antibiotiki ambazo ni muhimu kwa tiba ya binadamu zitumiwe kukuzia mifugo tu. Kuzuia na kutibu ugonjwa bado kunaruhusiwa chini ya daktari wa mifugo.

Anayeandika "Raised Without Antibiotics" anadai kwamba ng'ombe huyo hakupewa hata dozi moja maisha yake yote. Dai hilo lilipopimwa, matokeo yalishtua. Agosti 2024 USDA ilitangaza kuwa katika sampuli ilizochukua kwa ng'ombe waliokuwa wanakwenda kuuzwa chini ya lebo hiyo, takriban asilimia 20 zilikutwa na masalia ya antibiotiki. Wizara ikawahimiza wazalishaji watumie wakaguzi wa nje na kupima mara kwa mara. Iliwahimiza tu, haikuwalazimisha. Mimi nimesikitishwa na hilo, kwa sababu mnunuzi amelipa nyongeza kwa ajili ya neno ambalo hana njia ya kulipima jikoni kwake.

Soma pia maneno yenyewe kwa makini. "Bila antibiotiki muhimu kwa binadamu" ni dai dogo kuliko "bila antibiotiki". La kwanza linaacha mlango kwa dawa nyingine zinazochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe.

Organiki, na kauli ya shangazi

Organiki ndiyo lebo yenye masharti mengi kuliko zote, na ndiyo pekee kati ya hizi ambayo sheria inaitaka ikaguliwe shambani kila mwaka na chombo kilichoidhinishwa. Sheria yake ilipitishwa 1990 na kanuni zikaanza kutumika kikamilifu Oktoba 2002. Ng'ombe wa nyama lazima awe ndani ya utaratibu huo kabla hajazaliwa: mama yake anatunzwa kwa kanuni hizo tangu theluthi ya mwisho ya mimba. Chakula chote kiwe organiki, yaani kilicholimwa bila mbolea wala dawa za viwandani. Hakuna homoni. Hakuna antibiotiki, na akiugua ni lazima atibiwe, haruhusiwi kuachwa ateseke, ila akishapewa dawa hiyo nyama yake haiuzwi tena kama organiki. Achungwe malishoni angalau siku 120 kwa mwaka.

Lakini organiki si nyasi. Mahindi yaliyolimwa kwa njia ya organiki ni chakula halali kwa ng'ombe wa organiki, na anaweza kunenepeshwa nayo mwishoni. Anayetaka vyote viwili itabidi atafute lebo zote mbili.

Sasa turudi kwa shangazi. Kwamba ng'ombe wetu wengi wamekula majani maisha yao yote, yuko sahihi, na ni jambo la kujivunia. Kuwaita organiki ni kosa. Ng'ombe wa kwetu huogeshwa kwenye josho kwa dawa ya kupe, na bila hiyo ndigana ingewamaliza. Wafugaji wengi huchoma antibiotiki ya oksitetrasaiklini wenyewe, bila daktari, na sote tunajua ng'ombe anayeanza kuonekana mgonjwa mara nyingi hupelekwa mnadani kabla hajafa, siku za kusubiri zikiwa hazijaisha. Wale wanaonenepeshwa Kanda ya Ziwa hulishwa mashudu na maganda ya pamba, na pamba ni zao linalopuliziwa dawa. Huo unenepeshaji wenyewe ni kazi nzuri, inampa mfugaji bei na mlaji nyama laini. Ila ng'ombe akishushwa kwenye mnada wa Pugu, hakuna karatasi inayoeleza alichokula wala alichochomwa. Hereni za kielektroniki zilizoanza kuvalishwa mifugo Tanzania miaka hii zinaweza kuwa mwanzo wa karatasi hiyo, iwapo kumbukumbu za dawa zitaingizwa humo.

Ilitoka wapi, ilichinjwaje

Mchele uliopakiwa Kyela si lazima uwe umelimwa Kyela, na kila mnunuzi wa Dar es Salaam anajua. Kwa miaka mingi nyama ya Marekani ilikuwa hivyo. Nyama iliyoingizwa kutoka nje, ikisindikwa tena kiwandani Marekani, iliweza kuandikwa "Product of USA", yaani zao la Marekani. Hili liliwagusa sana wanunuzi wa nyama ya nyasi, kwa kuwa nyingi inatoka Australia, New Zealand na Uruguay. Kanuni mpya ilitolewa Machi 2024, na kuanzia 1 Januari 2026 maneno hayo ni kwa mnyama aliyezaliwa, kulelewa, kuchinjwa na kusindikwa Marekani. Bado ni hiari: pakiti isiyosema kitu haijavunja sheria.

Kwa wasomaji Waislamu walioko ughaibuni, lebo ya halali inahusu uchinjaji. Ng'ombe wa halali anaweza kuwa wa nyasi au wa nafaka, mwenye homoni au asiye nazo. Na ule muhuri wa mviringo wa USDA unaouona kila mahali unathibitisha ukaguzi wa afya tu, ambao ni wa lazima kwa sheria ya tangu 1906. Usiulipie nyongeza.

Pakiti za dada

Ya bei nafuu iliandikwa "All Natural" na "Angus", mafuta asilimia 20. Nikamwambia: hapo umeambiwa haijatiwa rangi, na ng'ombe ni wa mbegu fulani. Ya bei kubwa iliandikwa nyasi asilimia 100, bila homoni zilizoongezwa, bila antibiotiki. Nikamuuliza ni lipi kati ya hayo analolijali. Akasema dawa, kwa ajili ya watoto. "Basi igeuze," nikamwambia, "utafute muhuri wa mkaguzi wa nje." Aligeuza, akatafuta, hakuuona.

Alirudisha ya bei kubwa rafuni na kuchukua ile ya "All Natural" kwa ajili ya sambusa za jioni. Ya kuchemsha ya wikendi akaichukua kwenye friji ya pembeni: kilo moja ya mifupa na mnofu, organiki, yenye jina la aliyekagua limeandikwa nyuma.